Mshono Usioonekana Si Sifa: Acheni Kupeleka Panorama kwenye Kesi za Mashamba



Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, na wengine wenu mmeanza kuniuliza kama nimeiacha blogu hii. Sijaiacha. Kazi zilinibana, stima nayo ikawa inapotea kila mvua ikinyesha, na mvua ya Kakamega mnaijua, haikosi kuja jioni. Lakini kusema ukweli kulikuwa na sababu nyingine. Nilikuwa na jambo la kuandika ambalo linanitia aibu, nikawa naliahirisha. Leo nimeamua kulitoa. Ni refu kidogo, kwa hivyo weka chai karibu.

Wanaonisoma tangu zamani wanakumbuka jinsi nilivyozisifu programu za kuunganisha picha. Unasimama juu ya kilima cha Lirhanda, unapiga picha nane ukizunguka, tarakilishi inazishona, unapata panorama moja ya msitu na hakuna anayeweza kukuonyesha picha moja iliishia wapi na nyingine ikaanzia wapi. Niliandika hapa hapa kwamba picha bora ni ile ambayo mshono wake hauonekani.

Nilikosea. Kwa picha ya kuwatumia marafiki, hakuna neno. Lakini siku hizi watu wanazibeba picha hizi hadi kwenye vikao vya mashamba, na huko mshono usioonekana si sifa hata kidogo. Ni ushahidi uliofichwa. Na waliouficha ni sisi tunaoandika programu.

LUSIOLA ILIYOPOTEA

Mwaka jana kijana mmoja mwenye droni alinijia na kazi. Familia fulani upande wa Shinyalu ilitaka kugawana shamba la marehemu baba yao, na jirani naye alikuwa na neno kuhusu mpaka. Walikuwa wamepiga hesabu ya gharama za mpima ardhi wakaona hawaziwezi, kisha wakasikia kwamba droni inaweza "kuchora ramani" kwa siku moja. Kijana akairusha droni yake mita 60 juu, akaniletea picha 86 kwenye kadi. Kazi yangu ilikuwa kuziunganisha ziwe picha moja.

Programu niliiandika alasiri moja. Sijivuni. Ukitumia maktaba ya OpenCV, kazi nzito yote imeshafanywa na wengine, wewe unaiita tu. Picha ikatoka safi ajabu. Tukaichapisha kwenye karatasi kubwa kama blanketi, tukaipeleka kikaoni. Mzee wa kijiji alikuwapo, wajomba walikuwapo, jirani na wanawe walikuwapo. Karatasi ikatandazwa mezani, watu wakaizunguka. Kila mmoja alitafuta paa la nyumba yake akalipata. Nilijiona mtu wa maana kweli kweli.

Kisha kukhu, mjane wa mwenye shamba, akasogea taratibu na fimbo yake, akainama, akatafuta kwa kidole kwa muda mrefu. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, lusiola yetu iko wapi?"

Kwa wasomaji wasiotoka huku, lusiola ni ule mti wa maua ya manjano ambao watu wetu hupenda kuupanda mipakani. Huo aliouulizia ulipandwa na mumewe, na ugomvi wote na jirani ulihusu mpaka unapita upande gani wa mti huo. Kwenye picha yangu, pale alipoweka kidole palikuwa na nyasi tu.

Kijana mmoja akacheka. "Kukhu, picha haidanganyi. Labda ulikatwa zamani, umesahau."

Kukhu hakubishana naye. Alitoka nje na fimbo yake, nasi tukamfuata. Hatua kama mia mbili hivi kutoka pale, lusiola ilikuwa imesimama, nene, na mzinga wa nyuki umening'inia juu yake.

Nilirudi nyumbani nikafungua picha za awali moja baada ya nyingine. Mti ulikuwa kwenye picha sita. Sita! Droni iliuona, kamera iliunasa. Programu yangu ndiyo iliyoung'oa, ikafukia shimo, ikapanda nyasi juu yake, wala haikuniambia.

Sasa jiulize swali moja. Kikao kile kilikuwa hatua mia mbili kutoka kwenye mti. Ingekuwa ni ofisini mjini, au mahakamani, ambako hakuna wa kutoka nje kwenda kuangalia, nani angeaminiwa? Kukhu au karatasi?

TARAKILISHI INASHONAJE?

Ili uielewe hasira yangu ni lazima ujue kinachofanyika ndani. Nitajaribu kueleza bila kuwachosha wasio na hamu ya hisabati.

Hatua ya kwanza ni kutafuta alama. Programu inapitia kila picha ikitafuta nukta zenye upekee, kwa mfano pembe ya bati au jiwe barabarani. Njia iliyotamba zaidi ni SIFT ya David Lowe wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada. Aliichapisha 1999, kisha akaifafanua kwa kina 2004. Kila nukta inapewa maelezo ya namba 128, na maelezo hayo hayabadiliki sana hata picha ikigeuzwa au ikikuzwa. Njia hiyo ilikuwa na hataza Marekani hadi Machi 2020, ndiyo maana wengi wetu tulizoea ORB, iliyotoka 2011, ambayo haikuwa na masharti hayo.

Hatua ya pili ni kutafuta wenza. Nukta ya picha ya kwanza inatafutiwa mwenzake kwenye picha ya pili. Lowe alitoa ushauri wa busara: ukiona mgombea wa kwanza na wa pili wanakaribia kulingana kwa kufanana, itupe nukta hiyo, maana huwezi kujua mwenza wa kweli ni yupi. Vizuri. Sasa upeleke ushauri huo kwenye shamba la miwa! Muwa ni muwa tu, na kila jani lina ndugu elfu moja wanaofanana nalo. Nukta nyingi zitatupwa, na kati ya zitakazobaki, nyingi zimeozeshwa mwenza asiye wake.

Hatua ya tatu ni kura. Njia inayotumika inaitwa RANSAC, waliyoichapisha Martin Fischler na Robert Bolles mwaka 1981. Programu inachukua jozi nne za nukta kwa bahati nasibu, inakisia jinsi picha moja inavyoilalia nyingine, kisha inahesabu ni jozi ngapi nyingine zinazokubaliana na kisio hilo. Inarudia tena na tena. Kisio lenye kura nyingi ndilo linaloshinda. Kwa nini jozi nne? Kwa sababu uhusiano huo wa picha mbili, ambao wanahisabati wanauita homografia, una namba nane zisizojulikana, na kila jozi inakupa milinganyo miwili.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Kama nusu ya jozi zako ni za kweli, uwezekano wa kuokota nne zote za kweli ni 1 kwa 16. Ukitaka uhakika wa asilimia 99 kwamba umezipata angalau mara moja, unahitaji majaribio 72. Hiyo ni kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini kama ni asilimia 20 tu zilizo za kweli, jambo la kawaida kwenye miwa na msituni, unahitaji majaribio 2,876. Kifaa cha OpenCV cha kutafuta homografia, usipokibadilisha, hukomea majaribio 2,000. Kikifika hapo kinakupa kisio bora kati ya yale kilichoyapata, hata kama bora hilo ni bovu.

Hatua ya nne ni kukunja na kusawazisha. Kila picha inavutwa ikae mahali pake, na makosa yanayobaki yanagawanywa kwa picha zote ili kila moja ibebe kidogo. Matthew Brown na huyo huyo Lowe ndio walioonyesha mwaka 2003 kwamba safari hii yote inaweza kwenda yenyewe, bila mtu kuonyesha picha ipi inafuata ipi. Ni kazi nzuri na ninaiheshimu hadi leo.

Hatua ya tano ni kuficha. Pale picha mbili zinapolaliana, programu inatafuta njia ya kupitisha mshono ambapo picha hizo zinatofautiana kidogo iwezekanavyo. Kisha inachanganya kingo zake kwa mbinu ya Burt na Adelson ya mwaka 1983: mwanga na rangi za jumla zinachanganywa kwa upana, vitu vidogo vidogo vinachanganywa kwa wembamba, hadi jicho lisigundue lolote.

Angalia vizuri hizo hatua tano. Nne za kwanza zinajaribu, kwa bidii, kujua dunia ikoje. Ya tano haijaribu kujua chochote kuhusu dunia. Inajali jicho lako tu. Na hiyo ya tano ndiyo tunayoipigia makofi!

HISABATI YA MTI

Homografia ina sharti ambalo wauzaji wa programu hawaliandiki kwenye matangazo. Inafaa katika hali mbili tu: kamera izunguke papo hapo bila kuhama, au kinachopigwa picha kiwe bapa kama meza. Nje ya hapo ni kubahatisha.

Jaribu mwenyewe. Nyoosha mkono, inua kidole gumba, funga jicho moja kisha jingine. Kidole kinaruka, ukuta wa nyuma hautikisiki. Sasa fikiria simu uliyoishika kwa mkono ulionyooshwa ukizunguka kupiga panorama. Tuseme kati ya picha mbili simu imehama sentimita 30. Nguzo iliyo mita 2 mbele yako itaonekana imehama kwa nyuzi 8.5. Nyumba iliyo mita 50 itahama kwa nyuzi 0.34. Hakuna homografia moja inayoweza kuwaridhisha wote wawili. Kwa hiyo programu inafuata wenye kura nyingi, na wenye kura chache wanakatwa. Ndiyo maana kwenye panorama za simu tunaona mbwa wa miguu mitatu na mtoto asiye na shingo. Tunacheka, tunasambaza, maisha yanaendelea.

Droni ni balaa zaidi. Hiyo haizunguki papo hapo, inasafiri. Kwa hiyo tumaini pekee lililobaki ni ardhi kuwa bapa. Nani amewahi kufika Shinyalu akaona ardhi bapa? Na hata ardhi ingekuwa kama uwanja wa Bukhungu, miti je?

Chukua mti wa mita 12. Droni iko mita 60 juu, na mti uko mita 30 kando ya sehemu iliyo chini ya droni. Machoni pa kamera, kilele cha mti kinaangukia ardhini mbali na shina lake kwa umbali huu: 30 mara 12, gawanya kwa 60 toa 12. Jibu ni mita 7.5. Nyie mnaonunua ploti za futi 50 kwa 100, upana wa ploti yako ni mita 15 na kidogo. Mti mmoja umeegemea nusu ya ploti!

Sasa kuhusu lusiola ya kukhu. Katika picha moja droni ilikuwa magharibi ya mti, kwa hiyo mti ulionekana umelalia mashariki. Katika picha iliyofuata droni ilikuwa imeuvuka mti na kufika mashariki yake, kwa hiyo mti ulionekana umelalia magharibi. Programu ikapitisha mshono penye shina, maana shina liko ardhini na ardhini ndipo picha zote mbili zinapokubaliana. Upande wa magharibi wa mshono ikauchukua kutoka picha ya kwanza, ambako hakuna mti kwa sababu mti umelalia mashariki. Upande wa mashariki ikauchukua kutoka picha ya pili, ambako hakuna mti kwa sababu umelalia magharibi. Nyasi zikakutana na nyasi. Rangi zikachanganywa. Kwisha!

Na kama ingezichagua picha hizo kinyume, tungepata miti miwili, na labda tungepata ugomvi mwingine juu ya huo wa pili.

Nilikagua msimbo wangu mara tatu nikitafuta hitilafu. Hakuna. Kila mstari ulifanya ulichoagizwa. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

TUMEWAHI KUPITIA HAPA

Msidhani mambo haya yameletwa na droni. Baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, serikali ya kikoloni ilianza kusajili mashamba ya Waafrika mmoja mmoja. Kupima kila shamba kwa vyombo kungechukua muda mrefu mno. Basi watu wakaambiwa wapande ua kwenye mipaka, ndege zikapita zikapiga picha, picha zikakuzwa, na wachoraji wakaifuatisha mistari ya ua kwa kalamu. Picha zile hazikuwa zimerekebishwa kwa ajili ya vilima wala kwa ajili ya ndege kuinama. Michoro iliyotokana nazo ilipewa jina la michoro ya awali, kwa maana kwamba bora zaidi ingefuata. Sehemu nyingi za nchi hii, ya awali imebaki kuwa ya kudumu. Ukienda kuomba ramani ya shamba lako leo, huenda unachopewa ni kizazi cha picha kama hiyo.

Kwa hiyo babu zetu waligawiwa mipaka kwa picha zenye kosa lile lile nililoeleza hapo juu. Lakini kuna tofauti moja kubwa. Sheria ilikuwa na adabu ya kukiri. Sheria ya ardhi iliyosajiliwa ya 1963 ilizungumzia mipaka ya jumla, na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 18, inasema kwamba isipokuwa pale mpaka umethibitishwa rasmi, ramani inaonyesha mpaka kwa makadirio tu. Kifungu hicho hicho kinasema mahakama isisikilize ugomvi wa mpaka kabla mpaka wenyewe haujaamuliwa kwa utaratibu uliowekwa, na utaratibu huo unaanzia kwa Msajili wa Ardhi.

Makadirio tu! Bunge limeliandika neno hilo. Programu yangu haikuliandika popote. Ilitoa karatasi inayong'aa ambayo kila pikseli yake inajifanya ina hakika.

Inawezekana kufanya tofauti, na mfano uko hapa hapa nyumbani. Mradi wa BIOTA Afrika Mashariki ulifanya utafiti kwenye msitu wa Kakamega kuanzia 2001 hadi 2010. Watafiti wake, akiwemo Gertrud Schaab wa Karlsruhe, Ujerumani, walifuatilia jinsi msitu wa Kakamega na ule wa Nandi ulivyopungua na kuongezeka kwa kipindi cha miaka 90. Matokeo yalichapishwa 2006. Walitumia ramani za zamani, picha za ndege na picha za satelaiti, vitu vitatu ambavyo havifanani kabisa. Hawakuvikoroga vikawa uji mmoja. Kila chanzo kilibaki na mwaka wake, kwa hiyo msomaji anajua analinganisha nini na nini. Huo ni mshono unaoonekana, na hakuna aliyewaambia kazi yao ni mbaya kwa sababu hiyo.

Linganisha na zile picha za satelaiti tunazozitazama mtandaoni. Nyingi zimeshonwa kutoka siku tofauti ili mawingu yaondolewe. Mti uliokatwa unaweza kuwa umesimama kwenye picha ya mwezi mmoja, kando ya kisiki cha picha ya mwezi mwingine. Kisha mtu anapiga picha ya kioo chake na kusema, "Tazameni, msitu upo!"

MTANIAMBIA

Najua mtakayoniambia, kwa hiyo nijibu mapema.

"Mpima ardhi ni ghali." Kweli, na mimi sina jibu la bei. Lakini sijaelewa jinsi karatasi isiyo sahihi inavyokuwa nafuu. Ukipoteza mita saba za shamba la baba yako kwa ajili ya karatasi ya bei rahisi, umenunua kitu ghali kuliko vyote ulivyowahi kununua.

"Kuna programu bora kuliko hiyo yako ya alasiri moja." Ni kweli pia. Programu za upimaji hutumia picha nyingi zinazolaliana sana, zinajenga umbo la ardhi na la miti, kisha zinairekebisha kila picha kwa umbo hilo. Ukiongeza alama zilizopimwa ardhini kwa vyombo, unapata kitu ambacho mpima ardhi mwenye leseni anaweza kukitia sahihi yake. Lakini hizo nazo zina mishono na zinaificha. Haziwezi kuona ua ulio chini ya majani ya mti. Na bila alama za ardhini, zinategemea GPS ya kawaida ya droni, ambayo hukosea kwa mita. Kibaya zaidi ni kwamba mtu wa kawaida hawezi kuitofautisha karatasi ile na hii yangu kwa macho. Zote zinatoka safi.

"Akili mnemba itarekebisha." Ndugu zangu, hiyo ndiyo inayonitisha kuliko yote. Programu mpya haziishii kwenye kuficha mshono. Zinajaza pembe zilizobaki tupu kwa vitu zilivyobuni zenyewe, majani na ukuta na anga ambavyo havikuwahi kuwapo. Mimi nilipoteza mti uliopo. Hizo zitapanda mti ambao haujawahi kuota.

"Wewe ni mtu wa tarakilishi, mbona unapinga teknolojia?" Sipingi. Fundi wa nguo akikueleza kwamba uzi wake haufai kushona jeraha, hajaipinga cherehani.

NINACHODAI

Nenda sokoni hapa Kakamega uangalie fundi mzuri anavyoshona. Kwa nje huoni mshono. Lakini igeuze nguo ndani nje: mshono huu hapa, pindo hili hapa, na nafasi ya kupanua ameacha. Hakuna anayemwambia amechafua nguo. Sisi tumeshona nguo ambayo haigeuziki.

Kwa waandishi wa programu wenzangu, hasa nyie mnaomaliza shahada na kuanza kuuza "ramani za droni", nadai haya:

1. Picha za awali zisitupwe. Zikabidhiwe mteja pamoja na ile iliyounganishwa. Zile 86 zilikuwa na ukweli wote. Moja iliyozaliwa nazo haikuwa nao.

2. Kila picha iliyounganishwa iwe na ramani ya mishono yake. Hiyo si kazi ngumu. Wakati wa kuchagua mshono, OpenCV hutengeneza barakoa ya kila picha inayoonyesha ni pikseli zipi zimechukuliwa na zipi zimeachwa. Tunazo tayari kwenye kumbukumbu ya tarakilishi. Tunazifuta tu!

3. Pale picha mbili zinapolaliana na zisipokubaliana, pakwe rangi nyekundu. Usichague mshindi kimya kimya. Lusiola ya kukhu ingekuwa doa jekundu, na mtu angeuliza, "Hapa pana nini?"

4. Kosa liandikwe kwa mita, chini ya picha, kwa herufi zinazosomeka. Msiliandike kwa pikseli. Mzee wa kijiji hanunui pikseli.

5. Kama hakuna alama zilizopimwa ardhini, liandikwe neno MAKADIRIO juu ya picha yenyewe. Sheria ya nchi imeweza, sisi tunashindwaje?

Na kwa wewe ambaye si mtu wa programu: siku ukitandaziwa karatasi kama hiyo mezani, usikubali kuambiwa kwamba picha haidanganyi. Uliza imeunganishwa kutoka picha ngapi. Uliza mishono imepita wapi. Uliza picha za awali ziko kwa nani. Aliyekuuzia akikosa jibu la swali hata moja, ifanye karatasi hiyo kitambaa cha meza, kisha utembee hadi mpakani kwa miguu yako.

Mimi nimeanza na yangu. Niliiandika upya ile programu nikaunganisha picha zile zile 86, safari hii mishono ikiwa wazi na madoa mekundu yakiwa mahali pake. Ni mbaya kuitazama. Inafanana na chandarua kilichotiwa viraka. Niliichapisha kwa pesa zangu nikaipeleka Shinyalu pamoja na picha zote za awali, nikaomba radhi mbele ya wale wale walioniona mtu wa maana. Kukhu aliitazama akacheka sana, akaniambia sasa shamba lake limeugua surua. Kisha akaweka kidole kwenye doa moja jekundu, pale pale palipokuwa na nyasi. "Hapa," akasema.

Familia imeamua kumwita Msajili wa Ardhi aje mwenyewe aone. Ndivyo ilivyopaswa kuwa tangu mwanzo.

Juma lijalo, stima ikiruhusu, nitauweka hapa msimbo wa kuchora mishono na madoa, bure kwa yeyote anayeutaka. Na ile makala yangu ya zamani ya kusifu sitaifuta. Nimeongeza kiungo juu yake kinachomleta msomaji hapa, ili aone nilikokosea.

Wasaalam, kutoka Kakamega.